Adui Yuko Wapi? Nafasi ya Mapigano katika Michezo ya Kujenga Kijiji

Mwanafunzi mmoja wa hapa Gatumba aliketi mbele ya kompyuta akijenga kijiji. Alikuwa amekwisha kuweka nyumba sita, ghala na mashamba mawili, na bado watu wake walikuwa wakifa mmoja mmoja. Akanigeukia, akauliza: "Mwalimu, adui yuko wapi?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Katika michezo ya aina hii mchezaji hupewa watu wachache, msitu na majira ya mwaka, aghalabu katika mandhari ya Ulaya ya zama za kati. Kazi yake ni kukijenga kijiji na kukinusuru. Yafaa sisi walimu wa Kiswahili tuihakiki kama tuhakikivyo hadithi au tamthilia, maana ina wahusika, mandhari, mgogoro na dhamira. Hapa nitashughulikia jambo moja tu: mapigano yana kazi gani katika mgogoro wa kijiji?

Mchezo aliokuwa akiucheza mwanafunzi yule ni Banished, uliotengenezwa na Luke Hodorowicz na kutolewa mwaka 2014. Ndani yake hamna vita. Kuni zikipungua, watu hufa kwa baridi. Vifaa vya kazi vikichakaa, mavuno hupungua. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana upesi: mchezaji asipojenga nyumba mpya, vijana hukosa pa kuanzia familia, watoto hawazaliwi, na baada ya miaka kadhaa kijiji hubaki na wazee watupu. Basi adui yumo pia katika mipango mibovu ya mjenzi mwenyewe. Mgogoro umekamilika pasipo mtu kumwaga damu ya mwenzake.

Tofauti na huo ni Medieval Dynasty, mchezo wa kampuni ya Render Cube ya Poland, uliotolewa ukiwa kamili mwaka 2021. Mhusika mkuu, Racimir, ni kijana aliyekimbia vita. Anafika bondeni kumtafuta jamaa yake Iordan, anamkuta amekwisha kufa, naye hana budi kuanza kujenga kwa mikono yake. Mwanzo huo ni mzuri sana. Kasoro huingia pale anapokutana na wanyang'anyi porini. Watu hao hawana wa kuwalilia. Racimir huwaua, akachukua walichonacho, akarudi kulima kabichi. Tungetarajia kwamba mtu aliyeikimbia vita angeguswa moyo, walau kidogo, anapoua kwa mkono wake. Tena, ukiyaondoa mapigano hayo, kijiji hubaki kilivyo. Tukio linaloweza kuondolewa bila kuathiri msuko ni pambo tu.

Mfano wa tatu ni Manor Lords, kazi ya Greg Styczeń, iliyoanza kuuzwa Aprili 2024 ikiwa bado haijakamilika. Mchezaji ni kabaila. Akihitaji askari wa mgambo, huwaita wanaume wa kijijini, nao huacha majembe na nyundo zao. Akifa mmoja, kijiji kimepoteza mkulima au fundi, na familia moja imepungua. Kwa hiyo mchezaji mwangalifu hufikiria mavuno kabla ya kuita watu vitani. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika mchezo huu nyasi zenyewe ndizo zinazoitwa kupigana. Hapo fani na maudhui vimeshikana.

Huenda msomaji akapinga: mbona wazee wetu nao walicheza vita? Ni kweli. Katika bao la Kiswahili mna nyumba ya kulinda na mna kuteka. Lakini kete zote ni 64, na hata moja haitupwi nje. Iliyotekwa hupandwa upande wa aliyeiteka. Tena ubao haudai kwamba kete ni mtu. Mchezo unaotuonyesha watu wakioa, wakizaa na kuvuna, umekwisha kutuambia kwamba hao ni watu. Ukishasema hivyo, una deni: kifo cha mmoja wao sharti kiache pengo.

Hapa Gatumba hatuwezi kulichukua jambo hili kwa wepesi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi waliotoka Kongo ilishambuliwa papa hapa, wakauawa watu zaidi ya 150. Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika, maelfu wakazihama nyumba zao, na tangu hapo maji yamerudi tena. Adui wa aina zote mbili tunamjua. Mtoto aliyeona maji yakiingia chumbani hastahili kufundishwa kwamba hatari ya kijiji ni mtu mwenye mkuki peke yake. Na mtoto aliyesimuliwa habari za mwaka 2004 hastahili kufundishwa kwamba kuua ni kazi ndogo, imalizwayo kabla ya kurudi shambani.

Sisemi kwamba vijana wakatazwe michezo yenye mapigano. Nasema tuwafundishe kuipima. Mwalimu aweza kuwapa insha: mchague mtu mmoja aliyekufa katika kijiji chako, ueleze ni nani aliyelima shamba lake mwaka uliofuata. Mwanafunzi akikosa la kuandika, ajiulize kama kosa ni lake au ni la mchezo. Kwa njia hiyo atajifunza uhakiki, na maneno kama ghala, mavuno, mgambo na kunusurika yatapata uzito katika kalamu yake.

Mwanafunzi yule nilimjibu kwa kifupi: "Hesabu kuni zako." Akahesabu, akakuta hazifiki nusu ya majira ya baridi. Akanyamaza kidogo, kisha akakianza kijiji upya.