Jazi Masikioni mwa Watoto

Mwalimu atakaye kuwajulisha watoto historia ya jazi hana budi kwanza kulitengua fundo la jina lenyewe. Hapa kwetu palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Kule Kongo, OK Jazz iliundwa Léopoldville mwaka 1956. Bendi hizo zilichukua jina la jazi, lakini zilipiga muziki wa dansi uliochota zaidi katika rumba ya Kuba. Mtoto aliyelelewa na gitaa la Mbaraka Mwinshehe akiambiwa kwamba hiyo ndiyo jazi, atapotea siku atakapomsikia Louis Armstrong.

Upotovu mkubwa zaidi ni wa masimulizi yaanziayo mwaka 1917, ilipotolewa sahani ya santuri ihesabiwayo kuwa ya kwanza ya jazi. Waliorekodi walikuwa Wazungu, Original Dixieland Jass Band. Tarehe ni sahihi, ila mwanzo si huo. Karne nzima kabla yake, mjini New Orleans, watumwa walikusanyika siku za Jumapili katika uwanja wa Congo Square wakapiga ngoma na kucheza. Historia inayoanzia kwenye sahani huwafanya wenye muziki kuwa wageni katika muziki wao.

Basi sikio litangulie. Armstrong alirekodi "West End Blues" mwaka 1928. Tarumbeta inafungua peke yake, bila hata ngoma ya kuishika mkono. Baadaye klarineti inatoa neno, na Armstrong anaiitikia kwa sauti isiyo na maneno. Mtoto ajuaye kiongozi na waitikiaji wa ngoma atautambua mpango huo bila kufafanuliwa. Lakini mwalimu asirukie kusema kwamba jazi ni ngoma yetu iliyovuka bahari. Ni kazi ya Wamarekani Weusi, walioifua kwa ala za Ulaya na machungu yao wenyewe. Kuwapokonya sifa hiyo kwa jina la undugu ni dhuluma pia.

Mitindo iliyofuata yaweza kupitiwa upesi: bendi kubwa ya Duke Ellington, iliyoanza kupiga Cotton Club mwaka 1927 mbele ya wateja Wazungu, kisha Charlie Parker na Dizzy Gillespie, ambao katika miaka ya 1940 waliuharakisha muziki hata wachezaji wakaketi kusikiliza.

Kwa wanafunzi wa sekondari, mwalimu apige "Alabama" ya John Coltrane bila kutaja jina lake. Waache waulize saksafoni hiyo inamlilia nani. Ndipo awaeleze kwamba ilirekodiwa mwaka 1963, miezi michache baada ya bomu kulipuka kanisani Birmingham, tarehe 15 Septemba, na kuwaua wasichana wanne. Watatu walikuwa na umri wa miaka 14, wa nne miaka 11.