Jinsi ya Kuipima Picha ya Jengo: Somo Kutoka kwa Julius Shulman

Uzuri wa jengo si kipimo cha picha yake. Jumba la kifahari hupigwa picha mbovu kila siku, na nyumba ya kawaida ikapata picha inayostahili kutundikwa ukutani. Anayetaka kujua tofauti aanze na kazi za Julius Shulman wa Los Angeles, maana ndani yake utaona ufundi wote wa fani hii pamoja na hila zake.

Shulman alizaliwa Brooklyn mwaka 1910, akakulia California. Mwaka 1936, akiwa na kamera ndogo ya Kodak ya kutia mfukoni, alipiga picha za nyumba iliyosanifiwa na Richard Neutra. Neutra alipoziona alizipenda, akaanza kumpa kazi. Hivyo ndivyo kijana huyo alivyoingia katika kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Cha kwanza kutazama ni mistari ya wima. Mpiga picha asiye makini huinua kamera ili kilele cha jengo kiingie, na kuta zikatoka zimeinamiana kuelekea juu. Fundi huiacha kamera sambamba na ukuta, akapandisha lenzi peke yake. Ndiyo sababu Shulman alibeba kamera nzito ya mvukuto, yenye filamu ya inchi 4 kwa 5. Siku hizi kuta hunyooshwa kwa kompyuta, na ikifanywa kwa pupa jengo huvutwa likarefuka. Kagua madirisha ya juu: yakiwa marefu kuliko ya chini bila sababu, picha imelazimishwa.

Halafu njoo kwenye mwanga, na hapa usiwe na haraka. Chukua picha yake mashuhuri kuliko zote, ya mwaka 1960: nyumba ya familia ya Stahl, iliyosanifiwa na Pierre Koenig, yenye kuta za kioo zinazoning'inia juu ya Los Angeles. Wanawake wawili wameketi sebuleni, na chini yao taa za jiji zimetandaa hadi upeo wa macho. Taa za mbali ni hafifu, zinahitaji lenzi ikae wazi muda mrefu; sebule ikiwaka muda wote huo ingeunguza filamu. Shulman alizima taa za ndani, akaacha lenzi wazi kwa takriban dakika saba ili jiji lijiandike taratibu, na wale wanawake wamekaa gizani. Kisha akafyatua balbu za flashi zilizowekwa ndani ya taa za dari, na sebule ikanaswa kwa kufumba na kufumbua. Mianga miwili isiyopatana ikakaa kwenye filamu moja, na jicho halioni mshono. Mpiga picha akishindwa hapo, utaona dirisha jeupe tupu au chumba cheusi kama pango.

Alikwishaonyesha subira hiyo mwaka 1947 huko Palm Springs, kwenye nyumba ya Kaufmann aliyoisanifu Neutra. Alipiga picha wakati wa magharibi, kwa dakika kama 45, akifungua na kufunga lenzi huku taa zikiwashwa na kuzimwa, mpaka milima, anga na vyumba vikalingana. Yule mama anayeonekana amejilaza kando ya bwawa aliwekwa pale ili kuziba mng'ao wa taa ya majini.

Je, kupanga namna hiyo si udanganyifu? Shulman alileta samani, akaweka watu, hata kushikilia matawi mbele ya lenzi. Mimi hupima hivi: kilichoongezwa kinakusaidia kulisoma jengo, au kinakuzuia? Funika kwa kidole wale wanawake wawili wa nyumba ya Stahl, na papo hapo utashindwa kukadiria urefu wa dari. Kwa hiyo wana kazi. Tawi lisilo na shina, linaloingia kwenye pembe ya picha, silipendi hata likiwa lake. Huwa najiuliza linaficha nini.

Si lazima kila mtu afuate njia yake. Lucien Hervé, aliyempigia picha msanifu Le Corbusier kule Ufaransa, alikata picha zake bila huruma, akaacha kivuli kizito kichukue nusu ya karatasi. Hervé hukupa uzito wa zege; Shulman hukupa hamu ya kuhamia humo.

Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni iwapo fundi ujenzi anaweza kuitumia picha hiyo. Nyumba ya Kaufmann ilibadilishwa sana na wamiliki waliofuatana. Ilipokarabatiwa miaka ya 1990, kampuni ya Marmol Radziner ilitegemea picha za Shulman, zikiwemo zisizowahi kuchapishwa, kujua kila kitu kilikaa wapi na kilifananaje. Picha zilizopigwa kwa madaha yote yale zilikuwa bado sahihi kiasi cha kurudishia nyumba sura yake.

Shulman alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 98. Hazina yake ya negativu na picha zaidi ya 260,000 iko katika taasisi ya Getty, Los Angeles. Nawe unayepiga majengo ya Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, tunza picha zako zote, hata zile ambazo mteja hakuzichagua, na uandike tarehe, mtaa na jina la msanifu.