Sikio la Simba

"Imeganda! Toa sidii uifute!"

Nani alipiga kelele kwanza sikumbuki, ila kufumba na kufumbua banda zima lilikuwa limemgeukia mwenye deki. Kwenye ile TV ya chogo, kijana mwenye nywele kama miiba ya nungunungu alikuwa amesimama akimkazia macho adui yake. Hapepesi. Hapumui. Sekunde tano, sita, saba. Mwenye deki keshanyanyuka, kitambaa mkononi, ndipo unywele mmoja wa yule kijana ukapeperuka. Mmoja tu. Tukanyamaza wote. Sidii ilikuwa nzima. Mchoro ndio uliosimama, na aliyeuchora alitaka usimame.

Kwetu ni Ulaya. Msinicheke: ipo Ulaya ya Wazungu na ipo Ulaya ya Kilosa, kata yetu upande wa Mikumi, na mtu wa kwetu akiulizwa mjini ametoka wapi, akisema kweli huonekana mwongo. Kwa hiyo nikisema katuni nimeziangalia sana nikiwa Ulaya, mniamini. Tuliziangalia kwenye kibanda umiza, kwa umeme wa jenereta, tumebanana kwenye mabenchi, na tulizigawa mafungu mawili tu: za Kizungu na za Kichina. Hizo za Kichina zilikuwa za Kijapani, lakini kwa macho yetu ya wakati ule kila aliyerusha teke hewani alikuwa Mchina. Kigezo chetu kilikuwa chepesi. Za Kizungu zinakimbia, za Kichina zinasimama. Na sisi tuliolipa kiingilio tuliona zinazosimama zinatuibia.

Nilikaa na malalamiko hayo mpaka nilipojifunza kidogo jinsi katuni inavyotengenezwa. Hesabu yake inatisha. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Ukitaka kila picha iwe mchoro mpya, dakika moja inakudai michoro 1,440. Ukichora mmoja ukauonyesha mara mbili, michoro 720. Ukiuonyesha mara tatu, 480. Hapo hujachora mandhari, hujapaka rangi, na mhusika ni mmoja tu. Akiingia wa pili, anza kuhesabu upya. Mtindo wa katuni yoyote, kabla haujawa ladha, huwa ni jibu la hesabu hiyo.

William Hanna na Joseph Barbera, walioanza kumkimbiza Jerry kwa miguu ya Tom mwaka 1940 katika studio ya MGM, walijibu kitajiri. Mtazame Tom anapofunga breki mbele ya ukuta. Nyayo zinasimama kwanza. Mwili haujapata habari, unaendelea, unajikunja juu ya miguu kama nguo iliyotupwa kwenye kiti. Kichwa kinafuata, mashavu yanafuata, halafu mkia uliobaki nyuma kabisa unafika kwa kuchelewa. Kila hatua ya safari hiyo kuna mtu aliketi akaichora kwa penseli. Paka yule ana uzito. Akidondoka, unasikia mgongoni mwako. Huo ni ufundi ambao sitaki mtu aniambie umepitwa na wakati.

Osamu Tezuka, daktari kwa masomo na mchoraji kwa ugonjwa usiotibika, hakuwa na jeuri hiyo. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, hadithi yake ya mtoto wa chuma, nusu saa kila wiki. Studio ilikuwa changa, malipo kiduchu, na wiki haina siku nane. Basi wakabana. Mchoro mmoja ukaonyeshwa mara tatu. Mhusika akiongea, mwili ukaachwa kama ulivyo, ukachezeshwa mdomo. Michoro ya Atomu akipaa ikawekwa akiba, wakaiita benki, na kila alipopaa tena wakaenda kuitoa. Na yale macho makubwa ambayo watu hudhani ndiyo Ujapani wenyewe, Tezuka aliyapata kwa kuwatazama Disney na Betty Boop wa Marekani kwa mapenzi ya mwanafunzi. Kitu kiliondoka Marekani na suruali, kikarudi na kimono, wenyewe hawakukitambua.

Hapo ndipo kigezo chetu cha kibandani kilipoanza kuvuja. Kwa sababu walewale Hanna na Barbera, MGM ilipofunga kitengo chake cha katuni mwaka 1957, walifungua studio yao ya kulisha televisheni, wakakumbana na hesabu ileile ya Tezuka, tena kabla yake. Mwangalie dubu wao Yogi. Mnyama hana shati, lakini kavaa kola na tai. Kwa nini? Kola inaficha mshono. Chini yake mwili umelala palepale, mchoro mmoja. Juu yake kichwa kinachorwa upya kila kinapogeuka. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kama kichaa. Miaka yote nilidhani tai ile ni ya utani, kumbe ni kiraka.

Kwa hiyo kubana si kwa Wajapani peke yao. Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye kile walichofanya na mchoro uliosimama. Wamarekani wa televisheni waliona aibu nao, wakaufunika kwa maneno na vichekesho. Wajapani walikaa nao mpaka ukaanza kusema. Mtu amesimama: amekasirika. Amesimama zaidi: anakumbuka. Upepo umeshika unywele mmoja: sasa atapiga. Walichobaniwa na umaskini wakakifanya lugha, na baadaye, fedha zilipopatikana, lugha hiyo hawakuitupa.

Ushahidi wangu ni kituo cha basi. Katika filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1988 kuhusu dude la msituni liitwalo Totoro, kuna dada na mdogo wake wanaomsubiri baba yao kando ya barabara, usiku unaingia, mvua inanyesha. Mdogo anasinzia, dada anambeba mgongoni huku mwavuli ameubana begani. Chura anakatiza. Basi la baba haliji. Totoro anatokea, anasimama pembeni yao, jani kichwani badala ya mwavuli, na dada anampa mwavuli wa baba. Tone linaanguka kutoka mtini, tap, juu ya mwavuli. Totoro anashtuka. Tone la pili. Manyoya yanamsimama kwa raha. Ndipo anaruka na kutua kwa kishindo, na miti yote inamwaga maji yake kwa mpigo mmoja. Muda wote huo hakuna aliyekimbia. Miti na udongo wa filamu ile vilisimamiwa na Kazuo Oga, na nikiutazama udongo wake ulioloa najua kabisa ungenata vipi kwenye ndala. Aliyewahi kungoja gari la Mikumi wakati wa masika, na mtoto mgongoni, haelezwi kile kituo. Alishakaa pale.

Nimetaja Mikumi, na siwezi kupita bila kuwataja simba, maana simba wamegombaniwa na pande zote mbili. Tezuka alianza kumchora simba wake mweupe, Leo, kwenye jarida la katuni mwaka 1950, akamtia kwenye televisheni mwaka 1965. Disney walimleta Simba mwaka 1994, naye ana jina letu, rafiki yake nyani anaitwa Rafiki, na ngiri mnene anaitwa Pumbaa, jina ambalo Mswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu. Nani alimwiga nani, wanabishana mpaka leo, mimi simo. Ninachojua ni kwamba wachoraji wa Disney walikuja Kenya kutazama nchi, wakaletewa na simba hai studioni wawachore mifupa na mabega, na nyumbu wanaotimka bondeni wakawaachia kompyuta, kwani kundi lile mkono usingeliweza. Matokeo yake ni simba anayetembea kisawasawa: bega linapanda, ngozi inateleza juu ya mfupa.

Ila simba wa kweli hatembei ovyo. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaipasua katikati, kwa hiyo hata abiria wa basi hutalii bila kulipa. Simba wa kwanza niliyemwona kwa karibu alikuwa uwanda wa Mkata, chini ya mti, saa sita mchana. Tulizima gari. Dakika kumi. Hakuna kitu. Mkia umelala, macho nusu, mbu na nzi wanamzunguka. Simba hupumzika mpaka saa 20 kwa siku, na sisi tulikuwa tumeangukia katikati ya hizo 20. Kisha sikio la kushoto likacheza. Sikio tu, mara moja, kama mtu anayekataa jambo usingizini, na wote garini tukavuta pumzi. Nikawaza: huyu amechorwa na Tezuka. Mwili mchoro mmoja, sikio michoro mitatu.

Sisemi Wajapani wote ni watu wa kusimama. Studio ya Ghibli, ileile iliyotupa Totoro, ilitoa Princess Mononoke mwaka 1997, msitu mzito uliojazwa mpaka kwenye jani la mwisho, na mwaka 1999 Isao Takahata akatoa hapohapo kisa cha familia ya Yamada kwa mistari michache na karatasi nyeupe, kama katuni za gazetini. Wala Wazungu si watu wa Tom na Simba pekee. Lotte Reiniger wa Berlin alikata karatasi nyeusi kwa mkasi, na mwaka 1926 akatoa filamu nzima ya vivuli. Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Guinea, alitupa Kirikou mwaka 1998, mtoto mchanga anayekimbia uchi kijijini bila aibu yoyote. Na kwenye ile filamu ya Spider-Man ya mwaka 2018, Miles Morales anapojifunza kubembea msituni anachezeshwa kwa michoro 12 kwa sekunde, na mwalimu wake pembeni kwa 24. Mtazamaji hahesabu, lakini anamwona mwanafunzi anakwama kidogo kila anaporuka. Mbinu ya kubana matumizi sasa inatumika kuonyesha ubichi wa mtu! Hapo nilivua kofia.

Lakini hata kwa mbinu hizo zote, adui mkubwa wa mchora katuni ni madoa. Disney walipotengeneza filamu ya mbwa 101 mwaka 1961, ilibidi wategemee mashine ya kunakili michoro, la sivyo wangezikwa na madoa ya mbwa wale. Sasa fikiria chui wa Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa wa Tunduru, alichora akiwa Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, mpaka alipofariki mwaka 1972. Mnyama wake hana kivuli, hana upande wa nyuma, ni bapa kama khanga, na kila mahali madoa, madoa, madoa. Kumchora huyo mara 12 kwa sekunde kwa mkono ni kifungo cha maisha. Alitembea hatimaye mwaka 2010, pale studio ya Homeboyz ya Nairobi ilipotengeneza Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya hadithi za wanyama, vilivyorushwa na BBC. Walimkata vipande ndani ya kompyuta, mguu mbali, kichwa mbali, madoa yakabandikwa kwenye kipande yasihame. Kola ya Yogi, ila hapa mshono haukufichwa; kwa mnyama wa Tingatinga kila kiungo kilikuwa tayari kimekaa kama kimebandikwa. Tembo wao anapotingisha mkonga anaonekana kama picha ya ukutani iliyochoka kuning'inia.

Mwaka fulani nilipita Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali Tingatinga alipouzia picha zake na wachoraji wa mkondo wake wanapofanyia kazi hadi leo. Jina la mkoa wetu kwenye mtaa wa watu. Kijana mmoja alikuwa chini, miguu ameikunja, anamtia simba madoa kwa ncha ya kijiti. Anachovya, anagusa, anachovya, anagusa. Kila doa mduara kamili, hakuna hata moja lililogusana na jirani yake. Nilimtazama kama robo saa. Kisha nikamuuliza, kwa ule ujuaji wa mtu aliyesoma vitabu viwili vitatu, kama angeweza kumfanya simba wake atembee.

Hakuinua kichwa. Alimaliza doa alilokuwa nalo, akapuliza rangi ikauke.

"Huyu, kaka? Huyu ameshiba."