Pete ya Gome Kwenye Tawi la Makadamia

Mpandikizaji mzuri wa makadamia, awe Runyenjes huko Embu au Nkubu huko Meru, hakimbilii kukata kijiti cha kupandikiza. Kwanza huchagua tawi lenye majani ya kutosha likiwa bado mtini, akazungusha kisu mara mbili na kubandua gome lililo katikati, ikabaki pete nyeupe. Kisha husubiri majuma 6 hadi 8.

Kusubiri huko ndiko kunakoamua kama mche utashika.

Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwa mirija hai iliyo ndani ya gome, yaani floemu. Maji ya mizizini hupanda kwa njia nyingine, ndani ya mti wenyewe. Kisu kikiishia kwenye gome, tawi huendelea kupata maji ilhali sukari imefungiwa njia ya kuteremka. Basi hurundikana juu ya pete, ukingo wa gome ukavimba, na sehemu ya sukari hiyo hugeuka wanga wa akiba. Kisu kikizama mno, tawi hunyauka. Na ole wake anayezungusha pete kwenye shina kuu: mizizi yote hufa njaa.

Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 kinachoisukuma sukari hiyo. Majani yanapoijaza kwenye mirija, maji huifuata na shinikizo hupanda. Inakotumika, iwe mizizini, kwenye machipukizi au kwenye kokwa, shinikizo hushuka. Utomvu hutiririka kati ya sehemu hizo mbili, kwenda juu au chini, kutegemea nani ana uhitaji.

Makadamia haina budi kuwekewa akiba kwa sababu mti wake ni mgumu na kidonda cha muungano huchelewa kupona. Watafiti wa Hawaii walihangaika nayo kwa miaka mingi hadi mbinu ya pete ilipochapishwa mwaka 1937. Wakulima wa Embu na Meru wanaihitaji kwelikweli: aina kama EMB-1, iliyobeba jina la Embu, ikipandwa kwa mbegu hubadilika, na mkulima husubiri mavuno miaka 7 au zaidi badala ya 3 au 4 ya mti uliopandikizwa.

Kijiti kikishakatwa kwenye tawi hilo na kufungwa kwa utepe kwenye shina la mche, wanga ule hugeuzwa tena kuwa sukari, ukalisha kidonda na macho yanayochipua. Mirija ya pande mbili ikiungana na majani mapya kukomaa, mkondo hugeuka: kijiti huanza kuilisha mizizi ya mti mwingine.