Jukumu Halibahatishi

Neno "paa" limebeba mengi kwa herufi tatu tu. Ndege hupaa, na mpishi naye humpaa samaki kabla ya kumtia chumvi. Msomaji hababaiki, kwa kuwa sentensi humwonyesha maana. Programu haina bahati hiyo. Tuseme mhusika wa mchezo wa kompyuta anarithi klasi mbili, Mrukaji na Mpishi, na kila moja ina methodi iitwayo paa. Katika Perl 5, urithi wa kawaida hupanda ukoo wa mzazi wa kwanza hadi juu kabisa ndipo ugeukie wa pili, na methodi inayopatikana kwanza ndiyo inayotumika. Hakuna onyo. Mhusika anapewa changu ampae, naye anaruka angani na samaki wake mkononi.

Mwaka 2003 Schärli, Ducasse, Nierstrasz na Black walipendekeza methodi zifungwe katika vifurushi visivyo na ukoo wala utangulizi: zikigongana, klasi inayovitumia ndiyo iamue. Raku, iliyoanza kwa jina la Perl 6, inaviita majukumu, na moduli ya Moose ikayaleta kwenye Perl 5 mwaka 2006. Geuza Mrukaji na Mpishi kuwa majukumu, na Raku itakataa kuijenga klasi mpaka uandike paa yake mwenyewe. Wapo wanaosema huu ni urithi wa wazazi wengi uliobadilishwa jina. Sikubaliani nao, kwa sababu kule mpangilio wa wazazi ndio unaoamua, hapa anaamua mwandishi wa klasi, na katika Raku huamua kabla programu haijaanza kazi. Wengine watasema interfesi za Java zinatosha. Ni kweli kwamba tangu toleo la 8, la mwaka 2014, interfesi inaweza kubeba methodi iliyokamilika, na mgongano wa namna hii kompaila huukataa. Lakini haibebi sifa za objekti, na ugumu wenyewe uko kwenye sifa.

Wale wanne wa 2003 walikwepa: vifurushi vyao havikuwa na sifa hata moja. Raku na Moose zinaziruhusu, na naona zimefanya vyema, ila kwa kiasi. Kimo ni cha Mrukaji peke yake, basi kiingie na jukumu lake. Nguvu je? Kuruka kunaitumia, kupika kunaitumia. Kila jukumu likija na nguvu yake, sifa zinagongana. Ukizipa majina tofauti ili kukwepa kosa, mhusika atachoka angani huku jikoni akiwa mzima kabisa. Sifa ya namna hii iwekwe na klasi, majukumu yadai tu methodi ya kuisoma.

Kwa Moose, angalia mpangilio. Amri "has" inayotangaza sifa na "with" inayoleta jukumu hutekelezwa kwa zamu programu inapoendeshwa, hivyo "with" ikitangulia utaambiwa methodi ya nguvu haipo, ilhali umeiandika mistari miwili chini. Na majukumu yote yaite kwa "with" moja. Ukitumia mbili, methodi za jukumu la kwanza huhesabiwa kuwa za klasi yenyewe, paa ya jukumu la pili inamezwa bila onyo, na samaki anapelekwa tena angani.