Kompyuta ya Mpiga Picha wa Harusi: Kadi ya Grafiki Ilisubiri Mwisho

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukasema unatafuta mashine ya kuhariri picha, swali la kwanza utakaloulizwa ni kadi ya grafiki ya GB ngapi. Muuzaji hana kosa. Wateja wake wengi ni vijana wa michezo ya kompyuta, na kwao kadi ndiyo roho ya mashine. Mpiga picha ana mahitaji mengine. Mashine ninayoichambua hapa iliunganishwa kwa ajili ya mpiga picha wa harusi wa Sinza, na kadi ya grafiki ilikuwa kitu cha mwisho kuamuliwa ndani ya mashine yenyewe.

Jumamosi moja ya harusi, kuanzia saluni anakopambwa bibi harusi hadi ukumbini usiku, kamera zake mbili za megapikseli 24 hurudi na picha kama 2,500. Anapiga kwa RAW, na faili moja ni kama MB 30. Hiyo ni GB 75 kwa harusi moja, kabla hajahariri chochote. Mashine yake ya zamani ilikuwa ya ofisi, ya mtumba, yenye RAM ya GB 8 na diski ya sahani inayozunguka. Ombi lake lilikuwa fupi: "Kaka, prosesa imechoka hii, nitafutie i7."

Kabla ya kununua chochote tulifungua Task Manager pembeni ya skrini, naye akaendelea na kazi kama kawaida. Picha zilipokuwa zinaingia, diski ilisoma asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 30. Alipofungua picha kwenye Photoshop, RAM ilijaa, Windows ikaanza kuhamishia data kwenye diski ile ile iliyokwisha kulemewa. Prosesa ilitoka jasho wakati mmoja tu, wa kutoa JPEG za kumpa mteja. Angeletewa i7, nayo ingekaa kwenye foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo tukaamua kuifuata picha, tangu inapotoka kwenye kamera mpaka inapomfikia mteja, na kuweka fedha pale inapokwama.

Ilikuwa inakwama mlangoni kabisa. Kifaa chake cha kusomea memori kadi kilikuwa cha USB 2.0, ambacho kwa kazi halisi hupitisha kama MB 35 kwa sekunde. Kadi ya GB 64 iliyojaa huchukua nusu saa hapo. Kadi zake ni za UHS-I, zenye ukomo wa MB 104 kwa sekunde, na kwa kifaa cha USB 3.0 kadi ile ile humalizika kwa dakika kama 12. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na sidhani kama kuna shilingi nyingine iliyozaa zaidi kuliko ile.

Diski inahitaji maelezo zaidi. Wengi hudhani Lightroom Classic, programu anayohariria, husoma faili la RAW upya kila unapoigusa picha. Sehemu kubwa ya muda inafanya kazi na vitu vingine: katalogi, ambayo ni hifadhidata ya SQLite inayoandika kila badiliko unalofanya, picha ndogo za maonyesho, na akiba ya muda ya picha zilizokwisha kufunguliwa. Hayo ni maelfu ya mafaili madogo madogo. Diski ya sahani inaweza kusoma MB 150 au zaidi kwa sekunde likiwa faili moja refu. Ukiitaka irukeruke kati ya mafaili madogo inaanguka hadi MB chache tu, kwa sababu kichwa chake lazima kisogee kwenye sahani kila mara. SSD haina kichwa cha kusogeza.

Tuliweka SSD ya NVMe ya TB 1, ya kizazi cha PCIe 3.0, yenye kasi ya hadi kama MB 3,500 kwa sekunde. Muuzaji alisifia ile ya PCIe 4.0 yenye kasi mara mbili. Kwa kazi hii sikuona sababu. Kutoka diski ya sahani kuja SSD yoyote mtu anahisi kabadilisha kompyuta nzima, lakini kutoka 3.0 kwenda 4.0, mhariri wa picha hahisi kitu. Windows, programu, katalogi na harusi zinazoendelea vinakaa kwenye NVMe. Harusi zilizokabidhiwa zinahamia kwenye diski ya sahani ya TB 4, ambako upole wake haumuumizi mtu.

RAM ilipigiwa hesabu ya kawaida tu. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa Photoshop kwa biti 16, kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi inakula baiti mbili, kwa hiyo tabaka moja ni MB 144. Ukisafisha ngozi kwa matabaka saba umefika GB 1, bado historia ya hatua zako, Lightroom iliyo wazi nyuma, na kivinjari chenye muziki. GB 32 zinatosha bila anasa. Ziliwekwa vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja cha 32, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Halafu tukaingia BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi ya RAM. Vipande vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 mara nyingi huamka kwa 2133 au 2400 hadi mtu auwashe mpangilio huo, na nimekuta mashine nyingi zilizokabidhiwa bila kuguswa.

Prosesa ni Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita na wati 65. Kuvuta vitelezi vya mwanga na rangi kunataka kiini kimoja chenye kasi, na kutoa JPEG kunatumia viini vyote. Hii inafanya yote mawili bila kuunguza chumba kisicho na kiyoyozi. Mashine za mtumba zenye Xeon nazo zina mvuto wake, viini vingi kwa bei nafuu, lakini viini vya zamani ni vizito na mkono utauhisi uzito huo kwenye vitelezi siku nzima.

Kadi ya grafiki nusura iachwe. Zilizoiokoa ni kumbi za harusi. Taa za rangi, ISO 6400, na picha zinajaa chenga. Aprili 2023 Lightroom ilileta Denoise, inayoondoa chenga kwa akili mnemba, na kazi hiyo inategemea kadi ya grafiki kwa kiasi kikubwa. Bila kadi ya maana, picha moja inaweza kula dakika kadhaa. RTX 3060 ya GB 12 inaimaliza chini ya nusu dakika. Hata hivyo hapitishi picha zote 2,500 humo, ni zile zinazoingia kwenye albamu tu.

Fedha iliyobaki ilienda kwenye monita, na hapa ndipo tulipobishana. Monita yake ilikuwa ya TN. Ukiinua kichwa kidogo, uso wa bibi harusi unakuwa wa kijivu. Ukiinama unapata wekundu. Alikuwa akihariri rangi inayotegemea urefu wa kiti. Tulichukua ya IPS ya inchi 27 inayotimiza sRGB, tukakataa ile ya Adobe RGB iliyokuwa ghali zaidi. Wateja wake wanaziona picha kwenye simu, na nyingi zinapita WhatsApp. Faili la Adobe RGB likifika kwenye programu isiyosoma wasifu wa rangi, ngozi inapauka kama mtu aliyetoka kuugua.

Kisha monita ikapimwa kwa kifaa cha kupimia rangi, kilichoazimwa, si kilichonunuliwa: weupe wa 6500K, gama 2.2, mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Mwangaza ndio uliomshangaza. Monita hutoka dukani zikiwa zinang'aa mno, na kwa miaka alikuwa akilaumu wachapishaji kwa picha za giza, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akizipunguza mwanga ili zipendeze kwenye skrini yake kali. Kwa watu weusi upimaji huu una uzito wa pekee. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zikalipa gharama. Monita yenye rangi ya bluu iliyozidi inarudia dhuluma hiyo hiyo nyumbani kwako.

Umeme ulitupa hesabu nyingine. Mashine ikiwa kazini pamoja na monita hugusa wati 330 hivi, na UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hutoa wati kama 390 tu. Hiyo ni pembezoni mno, tukachukua ya VA 1000. Haikusudiwi kufanyia kazi gizani. Inatoa dakika za kufunga Lightroom kwa utaratibu, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, katalogi inaweza kuharibika, na ndani yake mna uhariri wote wa miezi.

Nakala zake zinafuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na Peter Krogh, mpiga picha kama yeye: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja mbali na nyumbani. Ya mbali ingekuwa mtandaoni, ila kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, GB 75 zinahitaji saa zaidi ya 33. Kwa hiyo ni diski ya nje inayokaa kwa dada yake Kigamboni.

Mwenye bajeti pungufu na asiyepiga sana kumbi za usiku anaweza kuifuta RTX 3060. Achukue Ryzen 5 5600G badala ya 5600, kwa kuwa 5600 haina grafiki ya ndani na bila kadi skrini haitawaka. 5600G inaishia PCIe 3.0, kasi ile ile ya SSD tuliyoweka. Monita, RAM na NVMe zibaki kama zilivyo.