Elimu, Imani na Nguvu ya Inchi

Kitabu cha Abdus Salam kiitwacho Ideals and Realities, kilichotolewa mwaka 1984, kinafaa kusomwa katika seminari zetu, ingawa mwandishi wake hakuwa Mkristu. Alizaliwa Punjab mwaka 1926, akapata tuzo ya Nobel ya fizika mwaka 1979, akaishika dini yake ya Ahmadiyya mpaka kufa kwake mwaka 1996.

Neno lake kubwa ni hili: kununua mashine za wengine bila kupanda elimu yenyewe katika inchi ni kazi bure. Wala hakusema tu. Mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, katika Italia, kituo cha fizika, wataalamu wa inchi maskini wapate kujifunza bila kuzihama inchi zao. Juu ya imani, alisema Korani inawaita watu kuvichungua viumbe; lakini fizika ni moja kwa watu wote, haina dini. Padri Lemaître wa Louvain naye hakutaka hesabu zake zigeuzwe ushuhuda wa Biblia.

Upungufu tunaouona ni huu: anatumaini mno feza na nia ya wakubwa. Maisha yake yanafundisha zaidi. Mwaka 1974 Bunge la Pakistani liliamua kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Naye akaacha kazi ya kumshauri rais. Hivi inchi iliyotafuta nguvu ilimsukuma mbali mtu aliyeweza kuiletea. Elimu bila haki ni taa isiyo na mafuta.

Basi tuwafundishe vijana hesabu bila woga, na kumheshimu jirani wa dini nyingine bila unafiki.